Kabla ya Sura ya Kwanza

Msimu wa mapendekezo ya utafiti unapofika, korido za vyuo vyetu vikuu hujaa wanafunzi wenye karatasi moja mkononi. Juu ya karatasi hiyo kuna kichwa cha utafiti, na vichwa vyenyewe hufanana sana. Kuna "Kuchunguza changamoto zinazowakabili walimu wa Kiswahili katika shule za sekondari", kuna "Tathmini ya mchango wa wafanyabiashara wadogo katika maendeleo ya jamii", na mwisho wa kila kimoja linafuata jina la wilaya. Mwanafunzi anaomba kichwa kikubaliwe, sahihi iwekwe, arudi bwenini akaanze Sura ya Kwanza. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi, na huwa nauliza jambo moja kabla ya yote: wewe mwenyewe unataka kujua nini? Wengi hunisomea kichwa kwa mara ya pili.

Siwalaumu, maana ndivyo tulivyowafundisha. Somo la mbinu za utafiti huanza na muundo: usuli wa tatizo, tamko la tatizo, malengo ya jumla na mahususi, maswali ya utafiti, umuhimu, mipaka. Muundo huo una kazi yake. Unamsaidia mtu aliyekwisha fikiri kueleza fikra zake kwa mpangilio ambao wengine wanaufahamu. Mwanafunzi ambaye hajafikiri anaupokea kama fomu ya kujaza. Anachukua tasnifu ya mwaka juzi, anabadilisha wilaya, anatunga dodoso, anaenda uwandani, na majibu yanarudi: mtaji mdogo, uhaba wa vitendea kazi, uelewa mdogo wa jamii. Mapendekezo nayo yanasema serikali iongeze bajeti. Yote hayo angeweza kuyaandika kabla hajapanda daladala. Anayeuliza changamoto atapata changamoto, kwa sababu hakuna kazi duniani isiyo nazo. Utafiti wa namna hiyo unaweza kupata alama nzuri na ukamwacha mwanafunzi palepale alipokuwa.

Ninachotetea ni kwamba mwanafunzi aanze na swali ambalo hana jibu lake, swali lililomjia kwa kuona kitu kwa macho yake, na kichwa kisubiri. Mfano bora ninaoujua wa mwanzo wa aina hiyo ulitoka kwa kijana wa kidato cha tatu, huku kwetu, kwenye milima ya Usambara.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa akisoma Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ndogo na vijana waliigombania. Siku moja mwenzake aliyaweka maziwa yake bila kuyachemsha kabisa. Mpemba alipoona nafasi ya mwisho inamponyoka, akayaingiza ya kwake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alikuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini imekuwa hivyo. Mwalimu alimjibu kwamba jambo hilo haliwezekani, bila shaka amechanganya. Wengi wetu tungeishia hapo. Mpemba alilinyamazia lakini hakulisahau. Baadaye, akiwa Tanga mjini, alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, akamuuliza anafanyaje. Rafiki akamwambia kwamba huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu unaganda haraka zaidi, na kwamba watengenezaji wengine pale mjini hufanya vivyo hivyo. Angalia kilichotokea hapo. Kijana ambaye hajawahi kusikia maneno "utafiti wa awali" alikuwa ameufanya: amewaendea watu wanaoishi kwa kazi ile, akakuta wanalijua jambo ambalo darasani linakanwa.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano na sita, somo la kanuni ya Newton kuhusu kupoa lilimrudisha kwenye swali lake. Aliuliza tena, na safari hii akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya kauli hiyo kuwa ya kumtania. Yeye akaingia kwenye maabara ya bayolojia, akachukua bika mbili, moja akatia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji, akaangalia. Kisha siku moja Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, alikuja shuleni hapo kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, ukatia maji kwa ujazo uleule, kimoja yakiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, yale ya nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Ukumbi ulicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe, na matokeo yakaunga mkono alichosema kijana. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na wanafizikia duniani wakaanza kuliita jambo lile kwa jina la Mpemba.

Hadithi hii husimuliwa sana kama ya ujasiri, na ujasiri upo. Mimi hunivutia zaidi jinsi swali lenyewe lilivyoundwa. Kati ya Magamba na Mkwawa lilikuwa limebadilika. Lilianza kama mshangao juu ya maziwa na sukari. Lilipomfikia Osborne, sukari na maziwa vilikuwa vimeondolewa, vyombo vimefananishwa, ujazo umelinganishwa, na joto limepewa tarakimu. Mtu yeyote mwenye friza angeweza kulijaribu na kupata ndiyo au hapana. Kazi ya kulinyoa swali mpaka libaki na kile tu unachotaka kukijua ndiyo kazi ya wiki za kwanza za utafiti wowote, uwe wa fizikia, wa fasihi au wa uchumi wa mtaani.

Na swali lililonyolewa vizuri huwa na faida nyingine: linaweza kupingwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha majaribio yao wakisema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na kwamba mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya chombo panaweza kuyumbisha matokeo. Wengine wameendelea kulitafuta jambo hilo katika mifumo tofauti kabisa na maji. Zaidi ya nusu karne baada ya ukumbi wa Mkwawa kucheka, mjadala bado uko hai. Hakuna atakayekuja kubishana na tasnifu iliyogundua kwamba wafanyabiashara wadogo wana changamoto ya mtaji.

Tuchukue basi mwanafunzi wa sosholojia aliyekuja na kichwa "Changamoto zinazowakabili wanawake wanaouza samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam". Nitamwomba aweke kichwa kando aende Feri alfajiri, bila dodoso, akiwa na daftari tu. Akae karibu na mnada. Asikilize dalali anavyonadi, aone nani anapandisha bei na nani anasubiri pembeni. Tuseme anaona mama mmoja, mkaanga samaki, anaondoka na beseni lililojaa na hakuna pesa iliyotoka mkononi mwake. Anauliza, anaambiwa: huyo kachukua mali kauli, atalipa jioni. Hapo pana kitu. Dalali anampaje mtu mzigo kwa neno tu? Kwa nini yule wa jana alinyimwa? Mama asipouza, deni linakwendaje?

Kutoka kwenye mshangao huo swali linaweza kunyolewa: dalali wa Feri huamuaje nani wa kumpa mali kauli kati ya wakaanga samaki? Sasa mwanafunzi anajua wa kuwauliza. Ni madalali wachache na akina mama kadhaa, waliopewa na walionyimwa, maana bila walionyimwa hataona tofauti. Anajua pia la kuhesabu. Anaweza hata kukisia jibu, kwamba pengine kinachoangaliwa ni mtaa mtu anaoishi, au muda aliofika sokoni, au jamaa anayemdhamini, na kukisia huko kunaweza kukanushwa na ukweli. Kukanushwa ni jambo jema. Mwanafunzi akiniambia jibu gani lingemshangaza, najua ameshaanza utafiti, hata kama hajaandika sentensi moja ya Sura ya Kwanza.

Ataniuliza: na mapitio ya kazi tangulizi je? Yaje, tena mapema, lakini yaje yakitafuta kitu. Mwanafunzi anayesoma bila swali hukusanya nukuu. Anaandika fulani anasema hivi, fulani anasema vile, kurasa kumi na tano, mpaka usingizi unampata msomaji. Mwenye swali husoma kwa kuuliza: huyu aliwahi kugusa jambo langu? Aliliona wapi, na kwa njia gani? Aliacha nini? Mwenye swali la mali kauli atagundua haraka kwamba imani katika biashara imeandikiwa sana, Afrika Magharibi, Asia, kwenye misafara ya kale ya pwani yetu. Ugunduzi huo humvunja moyo mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta "pengo" kwa maana ya mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga. Mpemba mwenyewe hakuwa wa kwanza. Aristotle aligusia jambo hilohilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na Francis Bacon na Descartes wakaliandikia katika karne ya 17. Kijana wa Magamba hakuyajua hayo, na swali lake halikupungua thamani yalipojulikana; lilipata jamaa. Ukikuta waliokutangulia, waulize walichokiona ambacho Feri hakipo, na kilichopo Feri ambacho wao hawakukiona.

Njia ya kusoma ni ya kurudi nyuma. Pata kazi moja ya karibuni iliyo nzuri, fungua marejeo yake mwishoni, uone ni majina gani yanajirudia, uyafuate. Fanya hivyo kwa kazi tatu au nne na utaanza kujua nani anazungumza na nani. Nenda pia kwa mkutubi. Inanisikitisha kwamba wanafunzi wengi hutumia maktaba kama ukumbi wa kusomea madesa yao wenyewe na kuchaji simu, wakati mita chache kutoka walipokaa kuna mtu aliyesomea kazi ya kutafuta maandishi. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye tasnifu, magazeti ya zamani, na karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Upanga ziko Nyaraka za Taifa, zenye majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya maafisa wa Kiingereza. Zanzibar wana nyaraka zao Kilimani. Nairobi jengo la nyaraka liko katikati ya mji, barabara ya Moi, na maelfu hupita mlangoni kila siku. Kwa majarida ya nje yanayouzwa ghali, vyuo vyetu vingi vimeunganishwa na mipango kama Research4Life, inayofungulia nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei ndogo. Ukiuliza nywila kwa mkutubi utapewa.

Neno moja juu ya akili mnemba, kwa kuwa sasa ndiko wengi wanakoanzia. Programu hizi zinaweza kukueleza dhana ngumu kwa lugha nyepesi, na hilo ni msaada. Zinaweza pia kukutungia makala isiyokuwepo, ikiwa na mwandishi, jarida, mwaka na kurasa, na mwanafunzi asiyeenda kuitafuta ataiweka kwenye marejeo yake. Usiandike jina la kazi ambayo hujaifungua. Na usiiombe programu ikupe mada. Itakupa, na itakuwa ileile ya changamoto, kwa sababu imejifunza kutoka kwa maandishi tunayotaka kuachana nayo. Yule mama wa beseni haimjui.

Historia yetu ya chuo kikuu ina mfano wa darasa zima lililoanza na swali. Miaka ya 1960, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vinajulikana zaidi kupitia maandishi ya Wajerumani waliovizima. John Iliffe, aliyekuwa akifundisha historia Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1967 makala juu ya namna vita hivyo vilivyopangwa, akitegemea sana nyaraka za aina hiyo. Swali lililobaki lilikuwa kubwa: watu wa makabila mengi, wasio na mtawala mmoja, kuanzia Umatumbi mpaka Ungoni, waliunganaje? Nyaraka hazikuweza kulijibu peke yake. Waliokuwa na jibu walikuwa vijijini, na walikuwa wanazeeka; kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Mwaka huo wanafunzi wa historia walipelekwa sehemu zilizopigana, wakakaa na wazee, wakaandika walichosikia. Masimulizi yale yakakusanywa na yanatumiwa na wanahistoria hadi leo. Gilbert Gwassa, aliyefanya kazi kubwa zaidi ya kuwasikiliza wazee, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu juu ya vita hivyo mwaka 1973.

Wale hawakuwa maprofesa. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, wa umri wa hawa wanaopanga foleni leo. Walichokuwa nacho ni swali lililowaambia waende wapi, wamtafute nani, na kwa nini wasichelewe.

Lakini pana la kujihadhari, na nalisema kwa kuwa naipenda kazi ile. Swali huangaza sehemu moja na kuiacha nyingine gizani. Nchi ilikuwa changa, umoja ndio uliokuwa ukitafutwa, na umoja ndio ulioonekana kwa wingi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1997, Thaddeus Sunseri alichapisha makala kuhusu vita hivyohivyo Uzaramoni, akiwa ameuliza mengine: njaa, nguruwe pori waliokuwa wakila mashamba, na wanawake waliobaki kulinda mazao. Vita vilevile vikawa na sura ambayo wa kwanza hawakuiona. Ndiyo sababu namwambia mwanafunzi aandike katika daftari lake, tangu siku ya kwanza, kwa nini anauliza anachouliza na angependa jibu liwe lipi. Akijijua anakoegemea ataweza kumsikiliza hata mtu anayemwambia asilotaka kusikia.

Kuna jambo la kawaida linalokwamisha watu wenye maswali mazuri, nalo ni barua. Ukitoka chuoni unahitaji barua ya utambulisho; itapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani au halmashauri, mpaka kwa mtendaji. Utafiti wa afya una kamati zake za maadili. Kenya mtafiti huomba leseni NACOSTI. Barua hizi huchukua wiki, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo ziombwe swali likishatulia, kabla pendekezo halijapakwa rangi ya mwisho. Na mbele ya yule unayemhoji kuna adabu isiyoandikwa katika barua yoyote: mweleze unafanya nini, mwache akatae, usimpotezee saa za biashara. Mama wa Feri ana samaki wanaoharibika.

Sehemu kubwa zaidi ya mabadiliko ninayotetea iko kwetu tunaosimamia. Idara nyingi hudai kichwa kwanza, kisha pendekezo la kurasa ishirini au thelathini, na hapo ndipo msimamizi anapogundua kwamba hakuna swali. Muda umekwisha, mwanafunzi amechoka, duka la steshenari lililo jirani linamwahidi kazi iliyokamilika kwa bei ya makubaliano. Tunapokasirika kwamba wananunua tasnifu, tukumbuke pia kwamba tuliwaomba kitu ambacho kinaweza kununuliwa. Mshangao wa mtu aliyekaa sokoni alfajiri haunakiliki kirahisi hivyo.

Wenzangu hunijibu kwamba wanafunzi ni wengi, na kwamba muundo ndio unaowashikilia wasipotee. Idadi ni kweli, naijua kwa mgongo wangu. Lakini kusoma ukurasa mmoja ni kazi ndogo kuliko kusahihisha kurasa thelathini zisizo na roho, kisha kuzirudisha zisahihishwe tena. Napendekeza hati ya kwanza ya utafiti iwe ukurasa mmoja usio na kichwa. Mwanafunzi aeleze ameona nini, wapi, lini. Nini hakielewi katika alichokiona. Nani au nyaraka ipi inaweza kumwambia. Na jibu gani lingemshangaza. Msimamizi aandike maswali pembeni, aurudishe, uandikwe tena. Ukurasa huo uletwe mwishoni mwa mwaka wa pili, bumu la mwisho likiwa bado halijaisha, ili likizo ndefu imkute mwanafunzi akiwa na kitu cha kwenda kukiangalia kijijini kwao au mtaani kwake, na kichwa kiandikwe atakaporudi.